Ringi za kaboni za milioni tatu kwa mwendesha baiskeli wa wikendi: nilichokiona kwenye barabara za Arusha

Kama mwendo wako wa kawaida ni kilomita 25 hadi 28 kwa saa, na unaendesha kwa afya na kwa raha ya Jumamosi asubuhi, hela yako ya kwanza isiende kwenye magurudumu. Iende kwenye tairi. Nayasema haya nikiwa nayo magurudumu ya kaboni (ringi zake ni za nyuzi za kaboni badala ya aluminiamu), nayapenda, na nimeyatumia tangu masika yaliyopita kwenye barabara ya Moshi, ya Namanga na ya Makuyuni.

Baiskeli yangu ni ya barabarani, fremu ya aluminiamu, breki za diski, niliipata mtumba ikiwa bado nzuri. Ilikuja na magurudumu yake ya kiwandani: ringi za aluminiamu zenye upana wa ndani wa milimita 17, uzito kama kilo 1.95 kwa yote mawili bila tairi. Tairi zenyewe zilikuwa za milimita 25, zile nzito za bei nafuu zenye waya pembeni. Haya mapya niliyaagiza mtandaoni kutoka China, kwa kampuni inayomuuzia mteja bila duka la katikati. Kina cha ringi, yaani kimo chake kutoka kwenye tairi kuelekea katikati ya gurudumu, ni milimita 50, upana wa ndani 21, na mizani ilisoma gramu 1,470. Mpaka yananifikia mkononi, ukijumlisha usafirishaji na kodi (VAT peke yake ni asilimia 18), yalikuwa yamekula shilingi milioni tatu na kidogo. Na hiyo ni bei ya kati. Seti za juu kabisa za ENVE, Zipp au Dura-Ace ya Shimano zinaweza kufika mara mbili ya hapo au zaidi.

Mara ya kwanza nilipotoka nayo kwenda Moshi nilihisi nimepewa baiskeli nyingine. Barabara ile inashuka taratibu kutoka Arusha, unapita Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti, na kila kijiji kina rasta zake, vile vituta vidogo vya mfululizo barabarani. Zile rasta zilizokuwa zinanitetemesha mpaka meno, safari hii nilizipita mikono ikiwa imetulia. Baiskeli ilikuwa inateleza. Wenzangu wa kundi walisema nimekuwa mwepesi, na mwenyewe niliamini.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo lilikuwa linanisumbua kichwani. Siku ile nilibadilisha vitu viwili kwa pamoja. Magurudumu yalikuwa mapya, na tairi pia zilikuwa mpya: Continental Grand Prix 5000 za milimita 28, nilizojaza upepo wa PSI 68 (PSI ni kipimo cha msukumo wa upepo ndani ya tairi) badala ya 100 niliyozoea kwenye zile za 25. Kipi kilikuwa kinaniletea hiyo raha? Nilitaka kujua kwa haki, kwa hiyo nikazitoa tairi hizo kwenye kaboni nikazivisha kwenye ringi zangu za zamani, nikatia tyubu nyepesi ndani. Rafiki mmoja wa kundi akaniazima pedeli zake zenye kipima wati, yaani nguvu ya miguu yako. Nikachagua kipande kilichonyooka karibu na njia panda ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, nikawa nakwenda na kurudi ili upepo wa nyuma na wa mbele ufutane, wati zikiwa 150 bila kupanda wala kushuka.

Ile raha ilibaki yote. Mikono ilitulia vilevile kwenye rasta, baiskeli iliteleza vilevile. Kwa mwendo, tofauti kati ya kaboni na aluminiamu zikiwa na tairi ileile ilikuwa ndogo kiasi kwamba upepo ukivuma kidogo tu inapotea. Niliporudisha zile tairi za zamani za waya ndipo pengo likaonekana waziwazi: zaidi ya kilomita moja kwa saa, kwa nguvu ileile.

Hili halina uchawi. Tairi inapozunguka, mpira wake unakunjwa na kunyooka kila inapogusa lami, na nguvu yako inageuka joto humo ndani ya mpira. Tairi nzito yenye mpira mgumu inakula zaidi. Kwa mtu mwenye uzito wa kawaida anayekwenda kilomita 27 kwa saa, kuhama kutoka tairi duni kwenda tairi nzuri kunaweza kumwokolea wati 10 hadi 20 kwa zote mbili. Upana nao unasaidia kwenye lami yetu yenye viraka, kwa sababu unaweza kushusha upepo bila kupiga ringi kwenye shimo. Ndiyo sababu hata wanaoshindana Ulaya wameacha milimita 23, wakahamia 25, sasa wako 28 na kuendelea.

Sasa tuangalie hizo wati za kwenye matangazo ya magurudumu. Kampuni nyingi hupima kwenye handaki la upepo kwa mwendo wa kilomita 45 au 48 kwa saa. Nguvu ya kupambana na hewa hupanda kwa kipeo cha tatu cha mwendo: ukishusha mwendo hadi asilimia 60, nguvu inayohitajika kukata hewa inashuka hadi kama asilimia 22. Kwa hiyo wati 10 za tangazo la kilomita 45 zinakuwa kama wati mbili kwako wewe wa kilomita 27. Kwenye safari ya saa tatu hiyo ni dakika moja na ushee. Tena hewa ya Arusha, mita 1,400 juu ya bahari, ni nyepesi kuliko ya Dar kwa zaidi ya asilimia 10, kwa hiyo hata hicho kidogo kinapungua. Sehemu kubwa ya hewa unayoisukuma unaisukuma kwa kifua chako na mabega yako. Ukiinama kidogo na ukaacha kuvaa fulana inayopepea, umepata zaidi ya ringi yoyote iliyotengenezwa.

Uzito ndio unaozungumzwa sana kwenye kundi letu, hasa tunapopanga kwenda Lushoto. Kutoka Mombo kupanda hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi na unapanda kama mita elfu moja. Wengi wanaamini gramu 480 nilizopunguza kwenye magurudumu zitawarusha juu ya Usambara. Mimi na baiskeli na maji tunakaribia kilo 88. Gramu 480 ni kama asilimia nusu ya hapo. Kwa mpando wa saa mbili, faida yake haifiki hata dakika moja, na chupa ya maji ya nusu lita ina uzito uleule. Eti uzito unaozunguka ni mzito zaidi, nalo lina ukweli wake, lakini ni pale tu unapoongeza mwendo ghafla. Ukipanda kwa mwendo mmoja, gramu ni gramu. Wanaofaidika ni wanaotoka kwenye kona na kufyatuka tena na tena kwenye mashindano.

Kina cha milimita 50 kina gharama yake, nayo nimekutana nayo upande wa Kisongo kwenda Makuyuni. Pale ni uwanda, upepo unapiga ubavuni, na miezi ya kiangazi vimbunga vya vumbi vinavuka barabara vinavyotaka. Gurudumu la mbele linakuwa tanga. Lori likikupita linakukinga upepo kwa sekunde moja, halafu upepo unarudi wote kwa mkupuo na usukani unavutwa. Nina uzito wa kutosha na mikono imara, hata hivyo kuna siku nimeshusha mwendo kwa woga kabisa. Rafiki yangu mwenye kilo 55 alijaribu baiskeli yangu pale akasema harudii. Kwa mazingira yetu ya mabasi na malori kwenye njia moja nyembamba, ningependekeza kina kisizidi milimita 35 mbele, na sioni haya kulisema hilo kwa nguvu.

Jambo zito kuliko yote kwangu, ambalo sijaona likisemwa kwenye mapitio ya Wazungu, ni fundi. Spoki moja ya gurudumu la nyuma ilikatika karibu na Boma Ng'ombe. Hilo hutokea kwa gurudumu lolote. Tatizo ni aina ya spoki: hizi ni bapa, zimenyooka bila kile kipindo cha kwenye kitovu cha gurudumu, na urefu wake ni wa peke yake. Fundi wangu wa Ngarenaro, mzee mwenye mkono wa dhahabu kwa kunyoosha ringi, aliigeuzageuza akaniambia, "Mwanangu, hii sina, na hata Dar usihangaike." Akawa sahihi. Niliagiza spoki nje, nikakaa wiki kadhaa nikisubiri, na muda wote huo nikaendesha magurudumu ya zamani. Ya zamani yana spoki za kawaida zenye kipindo. Zikikatika, mzee anachagua nyingine kwenye kopo lake, anaikata urefu, anaitia meno, na kabla ya chai ya saa nne nimeshaondoka.

Kingine cha kuangalia kabla hujalipa ni kingo za ndani za ringi. Ringi nyingi mpya za kaboni hazina ule ukingo uliojikunja unaoshika tairi, na kiwango chake cha juu cha upepo ni bar 5, yaani PSI 72.5. Zaidi ya hapo tairi inaweza kuchomoka ukiwa unaendesha. Ulaya waendesha baiskeli wengi wana pampu yenye geji nyumbani. Huku kwetu ukipata pancha njiani unajaziwa upepo na kijana wa kijiweni ambaye kipimo chake ni kidole gumba, au kwa kompresa ya tairi za lori. Ringi zangu zina ukingo uliojikunja kwa sababu nililitafuta hilo makusudi, na tafadhali sana nawe ulitafute.

Faida zipo, na nisizifiche. Kwa miiba ya migunga, kuendesha bila tyubu na ile dawa ya maji ndani kumeniokoa: mwiba unaingia, dawa inaziba, unaendelea. Inakauka haraka kwa joto letu, kwa hiyo naiongeza kila baada ya miezi miwili au mitatu. Lakini hata hilo linawezekana kwenye ringi ya aluminiamu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Gololi za kitovu ni laini, hazijalia hata baada ya mvua na matope. Tunapokimbizana kurudi mjini kwa kilomita 38 au 40 kwa saa, nakiri gurudumu linashika mwendo vizuri zaidi. Na yanapendeza. Kuyatazama tu kunanifanya niamke saa kumi na moja alfajiri, na hilo kwa mtu anayeendesha kwa afya si jambo dogo.

Wenye breki za kubana ringi wajihadhari zaidi. Kushuka Lushoto hadi Mombo ukiwa umeshika breki muda mrefu kunachemsha ringi ya kaboni, na gundi inayoshikilia kaboni ikipata joto kupita kiasi ringi huharibika. Kwao aluminiamu bado ndiyo salama.

Kama leo ningekuwa na milioni tatu mkononi, ningenunua tairi mbili nzuri za milimita 28 kwa takriban laki nne, na tyubu nyepesi. Kisha ningesubiri mpaka ringi zangu zichoke kweli. Zikichoka, ningeagiza ringi za aluminiamu zenye upana wa ndani wa milimita 19 au 21 na kingo zilizojikunja, vitovu vya breki za diski vyenye matundu ya spoki 28 mbele na 32 nyuma, na spoki za kipindo, kisha nimpelekee mzee wa Ngarenaro afume mwenyewe. Seti ya namna hiyo inaweza kuwa na uzito wa kama kilo 1.7, na hesabu niliyopiga naye, pamoja na ufundi wake, haikufika nusu ya nilicholipia kaboni.