TAHADHARI kwa wenye pikapu: "mtaalamu" wa kuzima stopu-stati amenikatia waya na kuniuzia boksi tupu

Wakuu, habari za saa hizi. Mwenye Ford Ranger, hasa hizi zilizotoka Uingereza, asome mpaka chini. Mwenye Hilux ya huko huko naye asiondoke. Nimeliwa shilingi 670,000, na kinachoniuma kuliko hela ni kwamba wakati naibiwa nilikuwa nimekaa kwenye usukani wa gari langu mwenyewe, nimekanyaga klachi kama nilivyoagizwa.

Gari ni Ranger ya 2017, dizeli ya 2.2, dabo kebini, gia za mkono. Toleo la Ulaya kuanzia 2016 lina ile stopu-stati: ukisimama, ukaweka nyutro na kuachia klachi, injini inajizima yenyewe. Ukikanyaga klachi, inawaka. Huko kwao wameiweka kupunguza mafuta na moshi, na kwenye baridi yao sina ugomvi nayo. Sasa njoo nayo foleni ya Ubungo, hapa Dar, saa nane mchana. Injini ikizima, kompresa ya AC inazima nayo, kinabaki kifeni kinakupulizia hewa ya moto usoni. Foleni ikisogea hatua tatu, inawaka. Ikisimama, inazima tena. Mke wangu aliuliza siku ya kwanza, "Hili gari lina kwikwi?"

Najua kuna kitufe, msinirukie. Kipo, kina herufi A iliyozungukwa na mshale, ukikibonyeza mfumo unalala. Lakini ukizima gari na kuliwasha upya, umeamka. Wametengeneza hivyo makusudi, kwa sababu vipimo vya mafuta na moshi vinafanywa gari likiwa katika hali linayowaka nayo, kwa hiyo mtengenezaji hataki gari likumbuke kwamba jana ulizima. Mimi napeleka vigae saiti, nasimama mara kumi kwa siku. Nabonyeza, nasahau, nakumbushwa na jasho. Ndiyo nikaanza kutafuta mtu wa kuizima moja kwa moja.

Tangazo nililiona kwenye kundi la WhatsApp la wenye pikapu. "Tunazima stopu-stati milele. Dakika 20. Hakuna taa kwenye dashibodi. Tunakufuata ulipo." Chini yake picha ya dashibodi ya Ranger. Leo nikiitazama ile picha naona kitu ambacho mtoto wa darasa la pili angekiona: usukani uko kushoto. Gari la Bongo gani hilo? Lakini siku ile nilikuwa natazama neno "milele".

Akaja kwa bodaboda, kijana msafi, ana begi la laptopu na kaboksi. Kaka huku, bosi kule. Hakuwa na gereji, akasema gereji ni mambo ya kizamani, yeye ni mtu wa programu. Akachomeka waya kwenye soketi iliyo chini ya usukani, akafungua laptopu, maandishi ya kijani yakawa yanateremka kama mvua. Kisha akanyanyua boneti, akaniambia: "Bosi, kaa hapo ukanyage klachi, usiachie mpaka niseme. Ukiachia katikati, kontrol boksi inakufa." Mimi nani niachie? Nilikanyaga mpaka paja likatetemeka. Mbele yangu boneti imesimama kama ukuta, simwoni hata kisogo. Hapo ndipo alipofanyia kazi yake yote, na wala haikuwa kwenye laptopu.

Aliporudi akachomeka kwenye ile soketi kidude cheusi kidogo kama kiberiti, kinawaka taa ya kijani na nyekundu kwa kupokezana. Hicho, kasema, ndicho kinachoshikilia programu, kisichomolewe kamwe. Kazi na kidude: 280,000. Tukaenda kujaribu barabara ya Mwenge. Nikasimama, nyutro, nikaachia klachi. Injini inanguruma. Nikasimama tena, inanguruma. AC baridi kama Makete. Kwa kweli nilimpenda yule kijana.

Tuliporudi akapima betri kwa kimashine, akakunja uso. "Hii imechoka, haitakubali programu mpya muda mrefu." Kwa bahati, anayo moja ya stopu-stati hasa, aina ya EFB, mwenzake anaweza kuileta sasa hivi. 390,000, na ya zamani anaichukua kama sehemu ya bei. Ikaletwa. Ikafungwa. Malipo yakaenda kwenye namba yenye jina la mwanamke, "ni dada wa ofisini". Risiti atanitumia jioni. Nadhani jioni hiyo bado haijafika.

Wiki tano gari safi kabisa. Halafu nikapata msiba Mbeya, nikaenda kwa basi, gari likalala siku tisa. Narudi, kimya, hata taa ya ndani haiwaki. Tukaliamsha kwa betri ya jirani. Baada ya siku nne, kimya tena, safari hii nikiwa Tegeta na mzigo wa watu. Nikampigia mtaalamu. Kwanza ikawa "niko kwenye kikao bosi", kisha ikawa inaita bila kupokelewa, kisha picha yake ya WhatsApp ikapotea.

Nikapelekwa mtaa wa Gerezani, Kariakoo, kwa fundi umeme mmoja mtu mzima, mzee wa maneno machache. Hakugusa laptopu yoyote. Alinyanyua boneti, akashika kibano cha upande hasi wa betri, akafuata waya mwembamba kwa kidole, akasimama kwenye tepu nyeusi ya umeme. Akaifungua. Waya umekatwa, ncha mbili zimefungwa pamoja kwa tepu bila kugusana, ukiangalia kwa juu unaona ni waya mzima tu.

"Mwanangu, aliyekufanyia hivi alikwambia amefanya nini?"

"Programu, mzee."

Akacheka mpaka akakaa kwenye tairi.

Hapa ndipo naomba mnisikilize, kwa sababu ndipo utapeli wote ulipo. Kwenye kile kibano cha hasi kuna sensa ndogo. Kazi yake ni kupima umeme unaoingia na kutoka kwenye betri, pamoja na joto la betri. Kompyuta ya injini inaisikiliza hiyo sensa ili iamue altaneta ichaji kiasi gani, na kama ni salama kuzima injini barabarani. Haiwezi kuzima injini kama haina uhakika kwamba betri itaweza kuiwasha tena. Kwa hiyo ukiikatia sensa mawasiliano, kompyuta inasema: sijui hali ya betri, basi sizimi. Na stopu-stati inakaa kimya, kama "imezimwa kwa programu".

Yaani huu mfumo unajizima wenyewe ukikosa kitu chochote unachokihitaji. Betri ikichoka, hauzimi injini. Injini ikiwa bado ya baridi, hauzimi. Ukichomoa swichi ya boneti, gari linadhani boneti iko wazi, na halitazima injini, maana hakuna anayetaka injini ijiwashe yenyewe wakati mtu ana mkono kwenye mkanda wa feni. Kwa hiyo mtu yeyote mwenye plaizi anaweza "kukuzimia" stopu-stati. Anachohitaji ni kuharibu kitu kimoja, kisha akutembeze Mwenge uone injini hainyamazi. Lile jaribio la barabarani nililolishangilia halikuthibitisha chochote. Gari lilikuwa linajilinda tu.

Huko Marekani kwenye F-150 kuna watu wanachomeka kidude kwenye soketi ya tela, gari linadhani linavuta tela, basi halizimi injini. Nao ni ujanja wa jamii hiyo hiyo, lakini angalau muuzaji anakwambia unanunua ujanja na hukatiwi waya.

Turudi Gerezani. Mzee akachomoa kile kidude cheusi, akakipasua kwa bisibisi. Ndani kuna kipande cha saketi chenye taa mbili na vikorokoro vya kuzifanya zipepese. Basi. Ile soketi ya chini ya usukani ina tundu 16. Mazungumzo ya kompyuta za gari yanapita tundu la 6 na la 14, na umeme wa betri upo tundu la 16 wakati wote, hata ukiwa umechomoa ufunguo. Kidude changu kilikuwa na waya wa 16 na wa ardhi, lakini 6 na 14 havikuunganishwa na kitu. Hakikuwa kinaongea na gari, kilikuwa kinakonyeza. Usiku na mchana, siku tisa nilizokaa msibani, kimekaa gizani kinaninyonyea betri. Mzee alisema peke yake kisingeua betri nzima kwa muda ule. Ila betri yenyewe haikuwa nzima.

Hiyo betri alikwangua lebo kwa ukucha. Chini ya "EFB" kukawa na lebo nyingine, betri ya kawaida ya gari dogo, iliyofutwa na kung'arishwa. Betri yangu ya asili, ambayo inawezekana haikuwa na tatizo lolote, ndiyo iliyoondoka kwenye bodaboda. Nikihesabu vizuri, nililipa 390,000 ili mtu achukue betri yangu.

Mzee aliunga waya kwa risasi, akafuta makosa kwenye kompyuta (lilikuwepo, limeandikwa wazi, kosa la mawasiliano na sensa ya betri, hata kama hakuna taa iliyowaka), akanishauri betri sahihi. Kwa gari lenye mfumo huu nunua EFB au AGM kama iliyotoka nayo. Ya kawaida haikuundwa kwa kuwashwa mara nyingi namna ile na inachoka upesi. Na ikibadilishwa, kompyuta iambiwe kwamba betri ni mpya.

Sasa kama bado unataka kuizima, na sikulaumu. Kwa Ford ipo programu inaitwa FORScan, inatumia Windows na adapta ya kuchomeka kwenye ile soketi, na wapo mafundi wa kweli wanaoijua. Dalili ya wa kweli ni hii: kabla hajagusa kitu, anahifadhi mpangilio wa asili wa gari lako kwenye faili, na anakupa nakala. Mpangilio ukiharibika, unarudishwa. Mwulize tu, "Fundi, umehifadhi ya asili?" Tapeli atakujibu kwa hadithi. Vipo pia vifaa vya kuunga nyuma ya kitufe, vinakumbuka ulivyokiacha mara ya mwisho. Hivyo havikati waya wowote wa betri. Au fanya ninavyofanya sasa: ufunguo, mkanda, kitufe cha A. Imekuwa kama kupiga bismillahi.

Mwambie fundi apime makosa kwenye kompyuta kabla ya kazi na baada ya kazi, ukiwa umesimama karibu yake. Kosa jipya likitokea baada ya kazi, usilipe. Usikubali kuwekwa kwenye usukani boneti ikiwa juu. Klachi haishikilii programu yoyote, mniamini mimi niliyeteseka na paja. Na betri yako ya zamani ibaki kwako mpaka ipimwe na mtu wa pili asiyekuuzia nyingine.

Kwa mliokwisha kupigwa: fungua boneti, tazama kibano cha hasi, fuata ule waya mwembamba. Ukikuta tepu ambayo si ya kiwandani, unajua. Mimi nimefungua RB polisi nikiwa na picha za mazungumzo na muamala, kwa sababu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo na udanganyifu wa kutumia simu umo. Namba aliyotumia nimeituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Jina lake siandiki hapa, kwanza sidhani kama ni lake, na lile la kwenye muamala huenda ni la mtu asiyejua hata laini yake inatumika. Ukitaka kujua kama kuna laini zimesajiliwa kwa kitambulisho chako bila wewe kujua, piga *106# uangalie.

Namba ile sasa haipatikani. Jana usiku shemeji yangu kanitumia tangazo jipya kutoka kundi lingine, namba nyingine, maneno yale yale, "milele" ile ile, usukani bado uko kushoto. Ameongeza Hilux na Amarok, na bei imepanda hadi 320,000.