Trela ya ekseli moja, boti ya mita 5 na barabara ya kokoto: miaka miwili baadaye

Trela hii niliinunua baada ya ile ya kwanza kunivua nguo barabarani. Beringi ya gurudumu la kulia ilikauka grisi, ikasagika, gurudumu likaanza kucheza kama jino bovu. Mimi niko mbele nasikiliza redio, sina habari. Shemeji yangu, aliyekuwa nyuma na gari lake, ndiye aliyenipigia simu: "Shemeji, simama. Usiniulize kitu, simama." Usiku ule tulilala pembeni ya barabara, boti imeinama upande mmoja, vumbi hadi masikioni.

Kwa hiyo safari hii dukani sikuuliza rangi. Nilipiga magoti nikachungulia chini, na muuzaji akaanza kuniona mtu wa ajabu.

Ni trela ya ekseli moja yenye springi za vyuma bapa vilivyopangana, na fremu yake imezamishwa kwenye zinki nzima nzima, si kupakwa rangi ya fedha tu. Kibati chake kinasema mwisho kilo 1,100, ikihesabiwa trela yenyewe, ambayo ina kilo 280. Boti yangu ya faiba, injini ya nguvu za farasi 40, mafuta, nanga na takataka zangu nyingine hufika kilo 580 hivi. Zinabaki 240, na wala si za anasa. Gurudumu likidondoka shimoni, mzigo hushuka kwa kishindo, na ekseli haisomi kibati.

Kilichonifanya nitoe pesa ni habu, yaani vitovu vya magurudumu vinavyobeba beringi. Kila moja ina kifuniko chenye springi ndani na chuchu ya kupigia grisi. Wanaoshusha boti majini wanajua shida ilipo: habu inatoka barabarani ina moto, unaitumbukiza kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa ghafla na kunyonya maji kupitia sili ya nyuma. Ile springi inaibana grisi ili isibaki nafasi ya maji kuvutwa. Wazo zuri, na beringi zangu ni zile zile nilizonunua nazo. Lakini kifuniko cha kushoto kilichomoka safari ya tatu, kwenye kipande cha barabara kilichojikunja kama bati. Nilikiona kimeondoka kwa sababu tairi lilikuwa na duara la grisi iliyoshikana na vumbi, nyeusi kama lami. Nikanunua kingine, nikakigongea kwa kipande cha mbao, nikakivalisha kofia ya mpira juu. Hakijatoka tena. Hiyo kofia ya mpira ingekuja na trela, ningeokoa asubuhi nzima. Na msijidanganye na chuchu: mara moja kwa mwaka mimi huivua habu yote, naosha beringi, naipaka grisi kwa mkono. Kila tukisimama naigusa habu kwa mgongo wa kiganja. Ikiwa vuguvugu, twende. Nikishindwa kuacha mkono pale, safari imeishia hapo.

Sasa malalamiko yangu. La kwanza ni kichwa cha kufungia, kinachokalia tufe la chuma la kuvutia lililo nyuma ya gari, la milimita 50. Gari langu lilikuwa na tufe la inchi 2, yaani milimita 50.8. Utasema milimita 0.8 ni nini? Ni kwamba mkono wa kufunga unashuka, ukiutazama unaona umekaa, kumbe kufuli halijaingia chini ya tufe. Muuzaji hakunong'ona hata neno. Nililigundua kwa mtihani niliofundishwa zamani: ukishafunga, pandisha jeki ya trela mpaka nyuma ya gari ianze kuinuka. Kwangu gari lilibaki limekaa, kichwa kikachomoka peke yake. Nilibadilisha tufe siku ile ile. Minyororo ya usalama, ya kwake ni mizuri, mirefu ya kutosha kupishana chini ya kichwa ili kikichomoka kidakwe kisichimbe ardhi.

La pili ni jinsi boti ilivyopangwa dukani. Nguzo ya winchi, kile kifaa cha kuvutia boti ipande, waliiweka nyuma mno, tezi (sehemu ya nyuma ya boti) ikawa inaning'inia nje ya mbao za kulalia. Siku ya kwanza nilipofika mwendo wa 60 trela ikaanza kutikisa mkia, na gari likatikiswa nayo. Nyumbani nikachukua mizani ya bafuni, nikaiweka chini ya kichwa cha trela, boti ikiwa juu na kila kitu chake: kilo 41. Kwa jumla ya kilo 860, nilitaka asilimia 10 hivi ilalie gari. Tukalegeza bolti, mimi na shemeji, tukasogeza nguzo na boti mbele sentimita 30. Mizani ikasoma 84. Tezi sasa inalala juu ya mbao inavyotakiwa, na ule mtikisiko sijauona tena. Kazi ya spana mbili na saa moja. Kwa nini haikufanywa dukani, mimi sijui.

La tatu ndilo lililonikera zaidi: mikanda. Trela inakuja na mikanda miwili ya kufungia tezi, upana wake milimita 25, myembamba kama ya begi la shule. Barabara iliyojikunja huifanya boti ipige ngoma juu ya mbao, mkanda unalegea kidogo kidogo, vumbi linaingia kwenye nyuzi, na kuanzia hapo kila mtikisiko ni msasa. Wa kulia ulikatikia kwenye kona ya fremu. Niliuokota ncha yake ikiwa imechanika kama mkia wa mbuzi, nyuzi zote nyeupe upande mmoja na nyekundu kwa vumbi upande mwingine. Tulichokuwa nacho kizima ni winchi ya mbele, na mkanda wa winchi kazi yake ni kuvuta boti ipande. Si wa kuishikilia njiani. Sasa nina mikanda ya milimita 50, kila kona imevalishwa kipande cha mpira wa bomba la maji, na omo, yaani mbele ya boti, ina mnyororo wake mfupi kutoka kwenye pete hadi kwenye fremu. Nakaza tena baada ya kilomita 10 za kwanza, pamoja na nati za magurudumu.

Taa zimezibwa vizuri maji yasiingie, hazijafa hata moja. Breki zake, zile zinazobanwa trela inapoisukuma gari, zinafanya kazi, ila kwenye mawimbi ya barabara fimbo yake ya kusukumia breki inagonga gonga hadi inachosha. Mteremkoni natumia gia ndogo nisiitegemee sana.

Mengine ni yangu, hayahusiani na kiwanda. Kwa mzigo wangu, tairi za trela zinazotaka upepo wa 40 nazishusha hadi 32 nikiingia kwenye kokoto, mwendo nao haupiti 50, na nikirudi kwenye lami najaza. Injini nimeiwekea chuma cha kuitegemeza, la sivyo inainama na kuinuka kila shimo na ubao wa tezi ndio unaoumia. Kizibo cha sakafu ya boti nakichomoa kabla ya kuondoka. Mvua ikinyesha njiani, lita 100 za maji ni kilo 100 zinazokimbia huku na huku. Na mbele ya boti nimetundika turubai lililolegea. Mwanzo niliweka ubao. Mawe yaliyorushwa na tairi za gari yakagonga ubao, yakarudi, na kioo cha nyuma kikapasuka vipande kama chumvi ya mawe. Turubai linayameza, yanaanguka chini.

Ningeinunua tena? Ndiyo, kwa ajili ya fremu na habu, nikiwa na mikanda yangu mkononi. Ila kishikio cha tairi la akiba wamekifunga kwa yubolti (bolti ya umbo la U) moja tu, na imeanza kula tundu lake. Jumamosi naipeleka kwa fundi aongeze ya pili.