Maji ya moto kutoka kwenye kiyoyozi: miezi 11 baadaye

Kila nilipopita mbele ya mashine ya nje ya kiyoyozi nikapigwa na lile joto usoni, nilijua nalipia umeme mara mbili: kwanza kulitoa joto chumbani, kisha kuchemsha maji ya kuoga. Ndiyo maana nikafungiwa kifaa cha kulinasa joto hilo lipashe maji.

Chenyewe si kikubwa. Kinakaa kwenye bomba la shaba linalotoka kwenye kompresa, ile pampu inayokandamiza gesi ya kiyoyozi, pale gesi inapokuwa ya moto kuliko kwingine kote. Pampu ndogo inavuta maji ya chini ya tangi, yanapita humo na kurudi yakiwa ya moto. Hakikisha kina kuta mbili kati ya gesi na maji. Hivyo ukuta mmoja ukitoboka, hutaoga maji yenye gesi na oili ya kompresa.

Miezi miwili ya mwanzo sikuona tofauti yoyote kwenye umeme, nikaanza kuamini nimeibiwa. Kumbe fundi aliyefunga aliiacha hita ya tangi ikiwaka mchana kutwa. Maji yalikuwa tayari ya moto, kwa hiyo sensa iliizuia pampu, na joto la kiyoyozi likaendelea kupotea nje kama zamani. Nikaiwekea hita saa ya kuiwasha alfajiri tu, imalizie hadi nyuzi 60, maana maji ya uvuguvugu yakikaa muda mrefu huzaa bakteria. Hapo ndipo kifaa kikaanza kazi.

Kiyoyozi changu ni cha BTU 12,000, tangi ni la lita 150. Kikiwaka kuanzia saa 2 usiku hadi saa 11 alfajiri, maji yanafika karibu nyuzi 50 kabla hita haijagusa kitu. Kikiwaka saa chache za mchana, utapata ya kunawia tu. Kifaa hiki kinachukua sehemu ndogo ya joto lote, ile ya gesi inapokuwa ya moto zaidi, si joto zima, na muuzaji akikuambia vingine mkatalie. Kiyoyozi cha inveta nacho, yaani kile kinachobadili kasi ya kompresa, chumba kikishapoa hupunguza kasi na gesi haiwi ya moto sana. Msimu wa baridi sahau kabisa, hita inarudi kazini peke yake.

Pampu inanguruma kidogo. Isifungwe kwenye ukuta wa chumba cha kulala kama yangu. Maji yenye chokaa yataziba njia, hivyo nasafisha kwa siki.

Jambo jingine: kila fundi mpya mwonyeshe kifaa kabla hajafungua begi. Aliyekuja kuosha mashine alidhani ni kipande cha zamani kilichosahaulika. Nilimkuta ameshashika spana.