Trekta ya kutolea magogo: lala chini, litazame tumbo lake

Dada mmoja wa Ukerewe ameniuliza anunue trekta gani ndogo ya kutolea magogo kwenye mikaratusi yake. Ni wa tatu mwezi huu, na wote wanauliza HP (nguvu ya injini) na bei tu. Kilichoniumiza mimi hakuna anayekiuliza.

Nilinunua mtumba wa Japani, HP 25, rangi inang'aa, vibandiko vya Kijapani bado viko kwenye madigadi. Siku ya nne shambani Sengerema ikapita juu ya kisiki. Mkaratusi ukikatwa mshazari hubaki na ncha kama mkuki, halafu machipukizi yanaifunika. Ile ncha ilitoboa filta ya oili, iliyokuwa inaning'inia tumboni bila kinga yoyote. Nilisikia "tak!", nikaona oili nyeusi inalowanisha majani makavu. Kijana wangu aliwahi kuzima injini. Trekta ililala porini siku tisa ikisubiri filta.

Kwa hiyo kabla ya kutaja bei, lala chali chini yake. Fuata kwa kidole filta, paipu ya dizeli, hozi za haidroliki, hadi pua za matairi, pale pa kujazia upepo. Chochote kinachoning'inia, kisiki kitakipata.

Namba moja kwangu ni Massey Ferguson 240, na mapenzi yangu siyafichi. Injini ya Perkins ya silinda tatu, na sampo yake, lile bakuli la oili chini ya injini, ni chuma kinene cha kusubu, si bati. Fundi yeyote wa Nyakato, hapa Mwanza, anaijua. Nyingi huvuta kwa magurudumu ya nyuma tu, basi kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika subiri pakauke.

Ya pili ni Kubota L4508: HP 45, inavuta magurudumu yote manne, inageuka vizuri katikati ya mistari ya miti. Ila kabla haijaingia shambani, fundi wa kuchomelea aifungie bamba la chuma tumboni na aache tundu la kumwagia oili.

Mtumba wa Japani ni wa tatu, na nyingi huja bila chuma cha kumkinga dereva trekta ikipinduka. Pawatila, ile ya magurudumu mawili inayoshikwa kwa mikono, iachie kubeba kuni.

Yoyote utakayochukua, mnyororo wa gogo ufungwe chini ya usawa wa ekseli ya nyuma. Ukifungwa juu, gogo likinasa trekta inanyanyuka pua na kumwangukia dereva.

Wauzaji ndio wananichosha. Wanaosha tumbo na kulipaka rangi nyeusi ili mivujo isionekane, na ukiomba kuingia chini wanakwambia, "Mama, utachafuka." Aliyeniuzia mimi, baada ya kupokea hela hakupokea simu tena.

Dada wa Ukerewe, siku ukivuka kuja mjini niambie mapema. Nitakuja na kanga mbili kuukuu, tulale chini wote.