Amani, Usambara Mashariki: mahali pa kumfundisha mwanafunzi kupima msitu na kijito

Mwalimu wa chuo anayetafuta mahali pa kupeleka wanafunzi wake kwa mafunzo ya msimu ya kufuatilia hali ya mimea na mito hana sababu ya kupita mbali na Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, wilayani Muheza, mkoani Tanga. Naipendekeza kwa moyo wote, ingawa ina masharti yake ambayo mgeni anapaswa kuyajua kabla hajakodi gari. Katika tathmini hii nitazungumzia huduma ambazo kikundi cha wanafunzi huzipata pale, na hasa kile wanachoweza kujifunza kwa mikono yao wenyewe ndani ya msimu mmoja wa kazi.

Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 1997, ina eneo la hekta 8,380, na iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Chini kabisa ardhi yake iko chini ya mita 200 kutoka usawa wa bahari, na juu inapita mita 1,100; ndani yake imo pia bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Kwa mwanafunzi, faida ya mwinuko huo ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye ramani, kwa kuwa kikundi kinaweza kuanza asubuhi kwenye msitu wa chini, karibu na lango la Zigi, na alasiri kikawa kwenye msitu wa juu wenye baridi na ukungu, kikilinganisha miti na maji ya sehemu zote mbili bila kuhama wilaya.

Malazi hayana anasa wala hayahitaji kuwa nayo. Nyumba za wageni ni safi na zina vyandarua, na chakula cha kawaida cha wali, maharage na mboga hupatikana mradi wapishi wamepewa taarifa mapema. Barabara ya kutoka Muheza kupanda milimani ni ya udongo, na wakati wa masika huteleza vibaya. Basi kubwa la chuo lisipelekwe huko kabisa.

Suala la majira linastahili uzito mkubwa kuliko ule linaopewa na vikundi vingi. Usambara Mashariki hupata mvua nyingi, na hata miezi inayoitwa ya kiangazi haikauki kabisa, lakini Januari na Februari, au Julai hadi Septemba, ndiyo miezi ambayo vijito hushuka kiasi cha kumwezesha mtu kusimama katikati yake kwa usalama. Mvua kubwa inaponyesha, wadudu wa majini, ambao ndio tunaowatumia kupima afya ya mto, husombwa na mkondo, na kipimo kitakachochukuliwa siku hizo kitaonyesha mto uliochafuka hata kama msitu wa juu yake haujaguswa. Kikundi kikishachagua mwezi wake, basi kila mwaka kirudi mwezi huohuo, kwa sababu takwimu za Februari haziwezi kulinganishwa kwa haki na za Agosti.

Kwa upande wa mimea, kazi ambayo wanafunzi wa misitu huifahamu ni ile ya ploti za duara, yaani vipande vya msitu vilivyopimwa kuzunguka kitovu kimoja, zilizotumika katika tathmini ya kitaifa ya rasilimali za misitu, NAFORMA: mche mwembamba hupimwa ndani ya duara dogo lililo karibu na kitovu, na mti mnene hupimwa hadi mita 15 kutoka hapo. Kipenyo huchukuliwa mita 1.3 juu ya ardhi, lakini Amani humlazimisha mwanafunzi kufikiri, kwani miti mingi mikubwa ina mizizi mipana inayopanda shinani kupita kimo hicho, na tepu lazima ipandishwe hadi shina linapokuwa mviringo. Hapo ndipo vijana huelewa kwa nini fomu ina nafasi ya kuandika kimo kilichotumika: atakayerudi baadaye akapima mahali pengine atadhani mti umenenepa au umekonda.

Mti ambao kila kikundi kinapaswa kuutolea siku nzima ni msizi, Maesopsis eminii. Uliletwa Amani mwanzoni mwa karne iliyopita, ukakua haraka kwenye uwazi ulioachwa na ukataji wa magogo, na hondohondo wakala matunda yake na kuzisambaza mbegu hadi ndani ya msitu. Mwanafunzi akihesabu miche iliyo chini ya misizi mikubwa, kisha akahesabu iliyo chini ya miti ya asili, atajionea mwenyewe jinsi msitu unavyoweza kubaki kijani huku jamii ya miti iliyomo ikibadilika. Sijaona somo la mimea vamizi linaloingia akilini vizuri kuliko hilo.

Waongozaji wa pale ndio sehemu bora ya huduma yote. Wengi wamezaliwa katika vijiji vinavyopakana na hifadhi, na wazee miongoni mwao huutambua mti usio na ua wala tunda kwa kukwaruza gamba kidogo, kutazama utomvu na kunusa. Mwanafunzi huuliza, "Mzee, huu ni mti gani?" na hujibiwa kwanza kwa Kisambaa: msambu, ule wenye matunda makubwa ya kahawia yanayoning'inia, ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta. Jina hilo huandikwa kwenye fomu, na jina la kisayansi, Allanblackia stuhlmannii, hujazwa baadaye kwa msaada wa vitabu. Ninawasihi walimu wamlipe mwongozaji kama mtaalamu, na jina lake liwekwe kwenye ripoti.

Vijitoni ndiko wanafunzi wanakofurahi zaidi. Kwa wa mwaka wa kwanza natumia miniSASS, njia iliyobuniwa Afrika Kusini ya kupima afya ya mto kwa makundi 13 tu ya wanyama wadogo wa majini, kila kundi likiwa na alama yake. Kwa waliobobea kidogo ipo TARISS, mfumo uliotengenezwa kwa ajili ya mito ya Tanzania, unaodai utambuzi hadi ngazi ya familia. Mmoja huweka wavu chini ya mkondo na kuvuruga mawe kwa miguu, kisha kilichonaswa humiminwa kwenye trei nyeupe yenye maji. Mwanzoni huonekana majani yaliyooza na mchanga tu. Baada ya dakika moja hivi kijiti kimoja huanza kutembea, na ukikisogelea kwa lenzi unaona kichwa na miguu sita vikitokeza kwenye kifuko kilichojengwa kwa chembe za mchanga: huyo ni buu wa Trichoptera, kundi la wadudu ambao wengi wao hujijengea vifuko majini. Pembeni yake hukimbia wadudu bapa wa Ephemeroptera, ambao kwa kawaida wana mikia mitatu, na penye maji safi yenye hewa nyingi unaweza kumpata Plecoptera wa mikia miwili, ambaye katika miniSASS hubeba alama 17, kubwa kuliko zote. Ruba na mabuu ya inzi hupewa 2 tu. Alama hujumlishwa, jumla hugawanywa kwa idadi ya makundi yaliyopatikana (wastani ukiwa mkubwa, mto una afya), na wanyama hurudishwa mtoni wakiwa hai.

Pima kwanza kijito kinachotoka ndani ya msitu mnene, kisha kingine kinachopita penye iliki, chai au makazi. Mto Zigi hushuka hadi bwawa la Mabayani linalowapa maji wakazi wa jiji la Tanga, kwa hiyo trei hiyo inaeleza habari za bomba la mtu aliye mbali sana na mlima. Kuna wakulima wa bonde hilo waliojiunga katika umoja wao, UWAMAKIZI, kwa ajili ya kuhifadhi vyanzo vya maji. Mazungumzo ya saa mbili pamoja nao yana thamani ya muhula mzima wa nadharia.

Vifaa vyote vibebwe kutoka chuoni na vijaribiwe kabla ya safari. Duka moja la mjini lilituuzia tepu za kipenyo ambazo tarakimu zake zilifutika kwa mvua ya siku ya kwanza, na kipima pH (kiwango cha asidi majini) ambacho hakikuwa na vimiminika vya kukirekebishia. Kifaa cha namna hiyo ni kibaya kuliko kukosa kifaa, kwa sababu hutoa tarakimu zinazoaminika na zisizo za kweli.

Kinachoniumiza zaidi ni tabia ya vyuo vyetu kwa jumla ya kuweka ploti mpya kila msimu na kuziacha. Ripoti hupewa maksi, hufungiwa kabatini, na wahifadhi hawapati hata nakala moja. Ploti iliyopimwa tena na tena, yenye vibao vya namba kwenye miti na kitovu kilichoandikwa kwa GPS, hufundisha mengi kuliko kumi zilizopimwa mara moja. Mwalimu anayeomba kibali aahidi kwa maandishi kurudisha takwimu, na atenge siku ya mwisho kuziandaa akiwa bado Amani. Aombe mapema, barua ya chuo ikiwa mkononi, na asipeleke zaidi ya wanafunzi sita kwenye kijito kimoja kwa wakati mmoja, kwa kuwa miguu ikizidi hapo kinachopimwa kinakuwa vurugu ya kikundi chenyewe.