Nimesomea ufundi wa ndege: kabla hujalipa ada, ulizia karakana

Nianze na maksi, mwenye haraka aende zake. Mafunzo yenyewe nayapa nyota nne kati ya tano. Namna yanavyonadiwa kwa wazazi wa huku kwetu naipa nyota moja, na hiyo moja ni ya picha nzuri kwenye kipeperushi.

Mimi ni binti wa Uyole. Mzee wangu alikuwa fundi wa vichwa vya treni kwenye karakana ya TAZARA hapa Mbeya mpaka alipostaafu, kwa hiyo harufu ya grisi haikuwa ngeni nyumbani. Nilimaliza kidato cha sita mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), nikashuka Dar kusomea matengenezo ya ndege ngazi ya diploma. Chuo sikitaji, maana nina mazuri na mabaya ya kusema na walimu wangu bado nawaheshimu. Naandika kwa sababu tangu uwanja wa Songwe ufunguliwe mwaka 2012, vijana wa Mbeya, Tukuyu na Vwawa wameanza kuiona kazi hii ni ya watu wa kawaida, na simu yangu haipumziki. "Shikamoo dada, chuo gani kizuri?" "Mwanangu ana C ya fizikia, watamchukua?"

Swali ambalo karibu hakuna anayeuliza ndilo lenye pesa yako: ukimaliza chuo, nani atakusainia daftari la kazi, lile linaloonyesha kazi za matengenezo ulizofanya?

Diploma inaonyesha umesoma. Kinachokupa ruhusa ya kuweka saini kwamba ndege imekaguliwa na iko salama kuruka ni leseni, na leseni haitolewi na chuo bali na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, vinataka mwombaji awe ametimiza miaka 18, afaulu mitihani, na awe amefanya kazi ya matengenezo kwa miaka minne. Aliyepitia mafunzo yaliyoidhinishwa anadaiwa miaka miwili tu. Sasa chuo kinaweza kuwa na usajili wake wa elimu safi kabisa, kikawa na walimu wazuri, lakini kama mamlaka ya anga haijakiidhinisha kwa kozi hiyo hiyo unayoisoma, nafuu hiyo usiitegemee. Na ukishaipata leseni, usidhani umemaliza. Kila aina ya ndege kubwa ina kozi yake. Aliyesomea Dash 8-Q400 yenye propela hawezi kuhamia kesho kwenye Airbus A220 na kuisainia, hata kama zote mbili anaziona zikitua Songwe.

Mambo haya niliyaelewa vizuri kutoka kwa fundi mmoja mtu mzima kwenye hanga, jengo la kutengenezea ndege. Siku ya udahili tulichoonyeshwa ni bweni.

Darasani sina malalamiko makubwa. Chuo changu kilifuata mpangilio wa EASA, mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya, masomo yamegawanywa kwa moduli: hisabati, fizikia, umeme, elektroniki, malighafi, aerodinamiki, sheria za anga, injini za tabaini, propela na kadhalika. Anayetaka injini na bodi ya ndege anaelekea kundi B1, anayependa umeme na avioniki (vifaa vya elektroniki vya ndege) anakwenda B2. Alama ya kufaulu katika mfumo huo ni asilimia 75. Kwa mtoto aliyezoea shule ambayo 45 inaitwa "si mbaya", hapo ndipo jasho linapoanza. Asiyeielewa fizikia ya kidato cha nne atateseka, na nawaambia wazazi hivyo hivyo, hata kama wengine huninunia.

Utamu uko kwenye vitendo, lakini usitegemee kuiona ndege mapema. Utapewa kipande cha chuma, tupa na jiriwa ya kukibania, na kazi moja tu: kitoe kikiwa mraba kamili. Unapiga tupa mpaka viganja vinatoa malengelenge. Unapeleka kwa mwalimu. Hasemi neno. Anaweka skwea kwenye ukingo, anainua dirishani, anakodoa. Mwanga ukipenya hata kama uzi kati ya chuma na skwea, anakurudishia na kumwita mwingine. Kuna wenzangu waliotoka nyumbani wakijua wanaenda kugusa Boeing, wakakatia tamaa palepale kwenye jiriwa. Mimi nilipapenda. Baadaye tukaenda kwenye ribiti, pini za kuunganishia mabati, ambayo hupigwa na watu wawili: mmoja ana bunduki ya upepo, mwenzake yuko nyuma ya bati ameshika chuma cha kuikinza, na hamuonani. Mnaelewana kwa kugonga bati. Mbili, imekaa vizuri. Tatu, imeharibika, itoe.

Kisha ukaja waya wa kufungia bolti zisilegee kwa mtetemo. Unaupitisha kwenye tundu la kichwa cha bolti, unausokota mara 6 hadi 8 kwa kila inchi, sawasawa kama msuko wa nywele, kisha unaupeleka bolti ya pili kwa upande ambao bolti ikitaka kufunguka, waya unaivuta ijikaze. Ukisokota kupita kiasi unakatika. Ukiupeleka upande usio sahihi, kwa macho kazi yako inapendeza na bolti inalegea. Mwalimu alikuwa anaikata kwa koleo bila kutueleza kosa liko wapi, anasema tu, "Anza upya, binti yangu."

Somo nililodhani ni la kujazia ratiba, lile la tabia za binadamu kazini, ndilo lililonibadilisha. Tulisomeshwa ajali ya ndege ya British Airways ya tarehe 10 Juni 1990, iliyotoka Birmingham kwenda Málaga. Kioo cha mbele upande wa rubani kilikuwa kimebadilishwa muda mfupi kabla ya safari. Kati ya bolti 90 zilizokifunga, 84 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa, kwa tofauti isiyofika hata milimita moja. Fundi alizilinganisha kwa macho na ile ya zamani badala ya kufungua katalogi ya vipuri. Ndege ilipofika juu kioo kikachomoka, rubani mkuu akavutwa nje hadi kiunoni, wenzake wakamshikilia miguu mpaka rubani msaidizi akatua Southampton. Alipona. Mwalimu alipomaliza akatugawia bolti mbili kila mmoja, akauliza ipi nene. Darasa zima tukabishana.

Nilimsimulia mzee wangu likizo hiyo, tumekaa jikoni tunaota moto, maana mwezi wa sita Uyole hakukaliki nje. Yeye ni wa kizazi cha kusikiliza injini na kujua ugonjwa.

"Sasa mwanangu, ina maana unasoma kitabu kila unapofungua nati?"

"Ndiyo baba, kila nati. Hata ile niliyoifungua jana."

Akacheka sana, lakini kesho yake nikamsikia akimwelezea jirani habari za zile bolti.

Kitabu chenyewe, yaani mwongozo wa matengenezo wa ndege, kwa wasiojua, kimepangwa kwa sura zenye namba zilezile kwa watengenezaji wote wakubwa. Sura ya 32 ni magurudumu na miguu ya kutua, 29 ni haidroliki (mifumo inayosukumwa kwa mafuta), 27 ni mifumo ya kuongozea, 61 ni propela. Ukizishika kichwani, hupotei ukihama kampuni.

Sasa mabaya. Ndege ya kujifunzia tuliyoikuta ilikuwa imekufa siku nyingi. Kufungua na kufunga paneli tulijifunza, lakini zoezi la kuwasha injini liliahirishwa mpaka likasahaulika, na ratiba ikaonyesha limefanyika. Vifaa vya kupimia havikutosha, toki renchi (spana ya kupimia mkazo wa bolti) moja ikizunguka darasa zima. Kubwa zaidi ni field, yaani mafunzo ya kazini. Barua ya kuombea nafasi chuo kinakupa, nafasi yenyewe unaitafuta mwenyewe, na kampuni zenye mahanga hapa nchini zinahesabika. Mwenye mjomba uwanja wa ndege anaingia wiki ileile. Mtoto wa mkulima wa viazi kutoka Isyonje anapanga foleni na bahasha. Wapo niliosoma nao wana diploma, wana akili, na daftari la kazi ni jeupe mpaka leo.

Nafasi nilipata, nashukuru Mungu. Kilichonifurahisha kupita vyote ni kufuatana na fundi mwenye leseni kwenye ukaguzi wa Q400 hapa kwetu Songwe, asubuhi ya ukungu, watu wamejifunga makoti. Abiria wanamwona fundi anatembea kuizunguka ndege na wanadhani ananyoosha miguu. Anapita kwenye kila moja ya mapanga sita ya kila propela akitafuta mkwaruzo. Anainama kwenye breki kuangalia kijiti kidogo cha chuma kinachofupika kadiri breki inavyolika, na anahakikisha kwanza breki imefungwa, vinginevyo kijiti kitamdanganya. Tairi zina naitrojeni, siyo upepo wa kawaida. Aliponiambia niangalie kijiti mimi kwanza kabla yeye hajasema kitu, mikono ilikuwa inatetemeka, na baridi haikuhusika.

Kwa wasichana: kazi inawezekana kabisa, nguvu kubwa inafanywa na vifaa. Ovaroli za saizi yetu ndizo za kutafuta kwa tochi. Mafuta ya haidroliki yale ya zambarau yanawasha ngozi vibaya na jichoni ni balaa, kwa hiyo miwani na glavu usione aibu kuvaa hata kaka zako wakijifanya mashujaa. Na jiandae na maswali ya mtaani. Pale Mwanjelwa wakijua unatengeneza ndege utaletewa bodaboda yako ya kwanza ya kutengeneza kabla hujamaliza kununua mchicha.

Pesa: ada siyo mwisho wa matumizi. Weka kando za chumba Dar, ovaroli na buti, mitihani ya leseni ambayo inalipiwa peke yake, na kipindi cha field ambacho wengi hatukulipwa hata nauli ya daladala. Mama aliuza magunia mengi zaidi ya viazi kwa ajili ya kile kipindi kuliko kwa ajili ya muhula wowote wa masomo.

Je, ningemshauri mdogo wangu aende? Ndiyo, kama anapenda kazi ya subira na kusoma maelekezo yaleyale bila kuchoka. Kama anapenda mashine tu, aangalie uhandisi mitambo MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya, pale Iyunga, ni karibu na nyumbani na milango ya ajira ni mingi zaidi, ila ajue shahada hiyo siyo leseni ya ndege. Kwa ndege zenyewe, chuo cha serikali kinachojulikana ni NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, pale Mabibo, Dar. Nje ya nchi watu huenda East African School of Aviation ya Nairobi au chuo cha Ethiopian Airlines, Addis Ababa, mfuko ukiruhusu.

Kokote mnakofikiria, mkipiga simu ombeni kuongea na mkuu wa karakana, siyo ofisi ya udahili. Mwulizeni kibali cha mamlaka ya anga kinahusu kozi ipi na kinaisha lini, injini ya mafunzo iliwashwa mara ya mwisho lini, na wahitimu wa mwaka jana wamepelekwa hanga gani. Akianza habari za basi la chuo na upepo mzuri wa bahari, kateni simu mpigie kingine.