Fundi cherehani wa mjini kati, Mwanza: tathmini ya mteja mwenye kisukari

Duka lenyewe ni chumba kimoja chenye vyerehani viwili na meza ya kukatia, mjini kati, si mbali sana na Makoroboi, na jina lake sitalitaja. Mimi nilizaliwa nikaitwa msichana, lakini najitambua na kuvaa kama mwanamume, na katika nchi ambayo kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaweza kumpeleka mtu jela maisha kwa kile kinachoitwa makosa dhidi ya maumbile, sifa ninazompa fundi huyu zinaweza kumletea balaa. Wanaomhitaji huelekezwa na wenzao. Hapa naipima kazi yake tu.

Nina kisukari aina ya kwanza tangu utotoni, yaani kongosho langu halitengenezi insulini, hivyo naishi kwa sindano. Kwa muda mrefu nilikuwa pia na maradhi ambayo wenye kisukari hiki wengi wanayafahamu ingawa hawayasemi mbele ya daktari: kuacha insulini kwa makusudi ili mwili ukonde. Insulini ikikosekana, sukari hupotelea kwenye mkojo, mwili huanza kuunguza mafuta na misuli yake wenyewe, na damu hujaa asidi inayoweza kumuua mtu ndani ya siku chache. Kwangu mimi kukonda kulikuwa na shabaha ya pili, nayo ni kuondokana na nyonga na kifua nisivyovitaka, ndiyo maana nasaha za kula vizuri na kumshukuru Mungu hazikunifika popote. Nilipoirudia insulini, uzito ulirudi, na miguu na uso vikavimba. Uvimbe huo unajulikana kitabibu na kwa kawaida hupungua wenyewe, lakini kwa mtu anayekiogopa kioo ni mtihani mzito.

Mwili wa namna hii haupati nguo kwa urahisi kwenye soko la mtumba la Mlango Mmoja. Suruali ya mtumba iliyokuenea mwezi uliopita ikigoma mapajani leo, unatoka sokoni na sababu mpya ya kuruka sindano, na sisemi hivyo kwa kutia chumvi.

Fundi ni mama mtu mzima, na jambo la kwanza linalomtofautisha na wenzake ni namna anavyopima. Fundi niliyemwacha alikuwa akimsomea kijana wake vipimo kwa sauti, akitia na maneno yake juu ya kifua changu mbele ya wateja wengine. Kwa mtu aliyewahi kushikwa kwa nguvu, mkono unaokuja mwilini bila kuuliza, hata ukiwa umebeba futi, unatosha kuharibu wiki nzima. Mama huyu alinikabidhi futi. "Zungusha mwenyewe, mwanangu, kisha ushike hapo hapo, mimi nitaangalia." Akaangalia, akaandika kwenye daftari lake bila kutamka namba, akalifunga. Nilipomwomba asinitajie kipimo cha kiuno hata nikimuuliza, aliitikia tu kwa kichwa, na mpaka leo hajanitajia.

Shati alilonishonea ni la pamba nzito, lina bitana kifuani na mifuko miwili yenye vifuniko, na limeachiwa kidogo chini ya kwapa. Kifua kinaonekana bapa bila kufungwa bandeji, ambazo huzidi kukaza kadiri unavyotembea na zinaweza kuumiza mbavu. Suruali ndiyo kazi yake bora. Nyuma ya kiuno kuna lastiki iliyofichwa, na ndani ya mshono wa nyuma ameacha akiba ya kitambaa, hivyo nguo huachiwa au kubanwa bila kufumuliwa yote, kwa shilingi 2,000. Mfuko wa kushoto una mpasuko kwa ndani unaofungwa kwa vifungo vya kubonyeza, ili nilifikie paja na kudunga sindano kwenye ngozi yenyewe pasipo kuvua nguo. Anayesafiri kwa daladala kutoka Buhongwa saa za kula ataelewa thamani yake.

Kuna pia kimfuko kando ya zipu. Aliuliza kama ni cha dawa, nikamweleza kwamba chupa ya insulini iliyokwisha kufunguliwa hudumu takriban wiki nne ikiwa joto halizidi nyuzi 30, na kwamba joto la mwili linapita hapo, kwa hiyo kimfuko ni cha glukosi, gramu 15 hivi, za kutumia sukari ya damu ikishuka chini ya milimoli 4 kwa lita. "Basi hiki ni cha pipi," akasema, akachukua chaki na kukipunguza. Hajaniuliza mimi ni nani, nami, nikijua kuwa ni Msabato wa kweli kweli, sijamuuliza anaamini nini juu ya watu kama sisi. Mapatano hayo yananitosha, ingawa najua yapo maduka ambako mtu angetaka zaidi.

Kasoro hazikosekani. Pazia la kujaribia nguo ni fupi na jepesi, na upepo wa ziwa wa mchana huliinua hadi magotini, jambo ambalo fundi mwangalifu kama yeye angelirekebisha kwa mita moja ya kitambaa. Vifungo vya kubonyeza vililegea mapema. Akikuahidi Jumatano, hesabu Jumatatu inayofuata, na Desemba na Januari usiende kabisa, kwa kuwa sare za shule humeza kila kitu. Ufundi wa shati ni shilingi 20,000 na suruali 25,000 bila kitambaa, bei ambayo ni ghali ukilinganisha na mtumba, lakini suruali yangu imeshafuata mwili wangu ulipovimba na ulipopungua, na mtumba usingeweza.

Jumamosi hafungui. Jumapili asubuhi ndiyo saa nzuri kwa asiyetaka kupimwa mbele ya watu. Nenda na kitambaa ulichokwisha kukifua, maana pamba hurudi, na yeye hakumbushi.